Kupima ukweli wa ombi la hifadhi la mtu aliyebadili dini: mwongozo kwa wasaidizi wa sheria na wakalimani wa Unguja na Pemba

Maombi ya namna hii, ya mtu anayetaka kulindwa kama mkimbizi, huwafikia watu wa visiwani kwa milango mitatu. Wa kwanza ni simu: wakili au ofisi ya uhamiaji ya Uingereza, Kanada au Ujerumani inatafuta mkalimani wa Kiswahili. Wa pili ni familia: jamaa aliyeko nje anaomba barua au hati ya kiapo. Wa tatu ni mgeni aliyeshuka hapa hapa, pengine Msomali au Muiritrea, anayetaka kuelekezwa pa kwenda. Kote huko swali ni lile lile: huyu anayesema amebadili dini, maelezo yake yanaaminika?

Kubadili dini hapa tunakusudia kila namna: Muislamu aliyebatizwa, Mkristo aliyesilimu, aliyetoka madhehebu moja kwenda nyingine, na aliyeacha dini kabisa. Wote hao sheria ya wakimbizi inawatazama kwa jicho moja.

Hatua ya 1: Tenganisha maswali matatu

Kabla hujauliza lolote, andika maswali haya juu ya karatasi yako. Je, mabadiliko ni ya kweli? Je, watu wa kwao wanajua, au watajua, na watamchukuliaje? Je, kitakachompata kina uzito wa mateso, na dola yake itamlinda au haitamlinda?

Mkataba wa 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi unadai hofu yenye msingi kwa sababu ya dini. Haudai mtu awe muumini mzuri. Kosa tunaloliona mara nyingi ni afisa kujibu swali la kwanza kwa "hapana" na kufunga jalada. Mtu aliyepigwa picha akibatizwa kwa kuzamishwa majini, picha ikafika Facebook na kijiji kizima kikaiona, anaweza kuwa hatarini hata kama alibatizwa kwa ajili ya kutafuta makaratasi. Anayemtesa haulizi moyo wake unasemaje, anatazama anachodhani. Kwa hiyo swali la pili na la tatu lazima yajibiwe kila mara.

Maswali hayo mawili hujibiwa kwa taarifa za nchi anayotoka, na taarifa hizo ziwe za wakati huu. Eritrea tangu 2002 inatambua makundi manne tu: Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Mpentekoste wa Asmara na Muorthodoksi wa Asmara hawana hatari moja. Sudan iliondoa adhabu ya kifo kwa kuritadi, yaani kuacha Uislamu, mwaka 2020, hivyo Msudani anayetegemea sheria hiyo peke yake atahitaji kueleza nani hasa anamtisha leo. Iran haina kifungu cha kuritadi katika sheria yake ya adhabu, lakini Ibara ya 167 ya katiba yao inamruhusu hakimu kurejea vyanzo vya sharia pale sheria iliyoandikwa inaponyamaza. Ndivyo mchungaji Yousef Nadarkhani alivyohukumiwa kifo mwaka 2010 kabla ya kuachiwa mwaka 2012.

Kwa mtu wa Zanzibar hali ni nyingine. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Ombi lake basi haliwezi kusimama juu ya sheria ya nchi. Litasimama juu ya jamaa na majirani: kipigo, kufungiwa ndani, kunyang'anywa watoto, kutishiwa roho. Kutengwa na ukoo kunauma sana, lakini peke yake mara nyingi hakufiki uzito unaotakiwa. Ataulizwa pia kama aliripoti polisi, na kwa nini hakuhamia Mwanza au Dodoma. Mtayarishe kuyajibu kwa ukweli wake mwenyewe. Usimtungie.

Hatua ya 2: Linda siri kabla ya kitu kingine

Visiwa vyetu ni vidogo. Jambo likisemwa Wete asubuhi, jioni linajulikana Mtambwe. Kwa hiyo:

- Usimpigie sheha kuuliza kama fulani kweli alifukuzwa nyumbani. Kuuliza kwenyewe kunaweza kuzaa hatari ambayo haikuwapo jana.
- Usiwapigie wazee wake bila ya idhini yake ya maandishi, hata kama unawajua. Hasa kama unawajua.
- Usitume jina, picha wala hati kwenye kundi la WhatsApp, hata la wanasheria watupu.
- Mkalimani aseme mapema anatoka wapi na anasali wapi iwapo mwombaji atataka kujua, na mwombaji awe na haki ya kumkataa bila ya kutoa sababu.

Mkalimani akigundua kuwa mwombaji ni wa shehia yake, au wa ukoo alioolea, ajitoe. Heshima ya kazi ndiyo inayotaka hivyo. Mwombaji anayemwona mtu wa kwao mbele yake atafupisha maneno, ataruka mambo ya aibu, na afisa ataandika kwamba maelezo yake "hayana undani". Mwanamke apewe mkalimani mwanamke akitaka. Tumezoea kusitiriana, na yapo mambo ambayo Bi fulani hatamwambia mwanamume hata akiambiwa kesi nzima inategemea hayo.

Hatua ya 3: Mwache aseme kwanza

Mahojiano mazuri huanza kwa ombi moja pana: "Nieleze ulivyokuwa katika dini yako ya zamani, na ilivyokuwa mpaka ukaiacha." Kisha nyamaza. Usimkatize kwa tarehe. Mpe nusu saa, na zaidi ikiwa anaendelea. Andika pembeni pale unapotaka kurudi. Pumzisheni kila baada ya saa moja, na ikiwa habari ni ndefu, siku mbili fupi ni bora kuliko moja ndefu, kwa sababu aliyechoka hukosea tarehe na kosa hilo humfuata mpaka rufaa.

Akimaliza ndipo urudi kwenye vituo vya safari yake. Kila kituo kina maswali yake: nini kilianza kumtia shaka, na shaka hiyo aliishi nayo muda gani, alimsikia nani, alisoma nini, kwa lugha gani, kitu gani katika dini mpya kilikuwa kigumu kwake kukikubali, nani wa kwanza kumwambia, na kwa nini huyo, nini alikipoteza, leo anafanya nini katika wiki ya kawaida, na akirudishwa ataishi vipi.

Swali la ugumu ni zuri kuliko yote. Aliyetoka Uislamu akaingia Ukristo karibu kila mara alikwama mahali, mara nyingi kwenye Utatu au kwenye kumwita Isa mwana wa Mungu. Aliyekwama atakueleza alivyokwama, hata kama hawezi kueleza alivyonasuka. Asiyewahi kukwama popote si lazima awe mwongo, ila muulize zaidi.

Chukua mfano wa Ramadhani ya kwanza baada ya kubadili dini. Kijana anaishi nyumba moja na mama yake Chake Chake. Hajamwambia mtu. Usiku nyumba inaamka kula daku: yeye aliamka au alijifanya usingizi? Mchana mikahawa imefungwa: alikula wapi, au alifunga tu kama wengine ili asijulikane? Magharibi watu wamekaa juu ya mkeka, futari imeandaliwa, bakuli la uji linapita mkononi mwake: alijisikiaje? Aliitwa kwenda tarawehe, alijibu nini? Mtu aliyeyapitia haya ana la kusema kwa kila swali, na majibu yake yatakuwa na vitu vidogo ambavyo hakuna kitabu kinachovifundisha. Aliyebuni atajibu kwa jumla: "Ilikuwa vigumu sana."

Kwa aliyesilimu kutoka familia ya Kikristo, siku ya namna hiyo ni Krismasi ya kwanza, au mazishi ya mzazi. Aliingia kanisani au alibaki nje? Alikula nini siku hiyo?

Kama aliificha imani, usimwambie aendelee kuificha. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2012, katika kesi za wafuasi wawili wa jumuiya ya kidini ya Ahmadiyya kutoka Pakistan, kwamba mwombaji hawezi kutakiwa ajiepushe na ibada zake ili awe salama. Kinachopasa kuulizwa ni sababu: anaficha kwa kuwa anaogopa, au kwa kuwa ni mtu asiyependa kuonyesha mambo yake?

Hatua ya 4: Usigeuze mahojiano kuwa mtihani

Miongozo ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) kuhusu maombi ya dini, iliyotolewa Aprili 2004, inaonya kwamba ujuzi wa mafundisho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kwamba kumhoji mtu maelezo ya maisha yake ya dini kuna faida kuliko kumpa mtihani. Asiyejua kusoma, mwanamke aliyenyimwa nafasi ya kusoma dini, na aliyeingia katika imani miezi mitatu iliyopita, hawa hawawezi kupimwa kwa kipimo cha kasisi.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Mtoto wa Kizanzibari hupelekwa chuoni mapema na hujifunza kuhifadhi sura kwa masikio. Mtu aliyelelewa hivyo anaweza kuihifadhi Kanuni ya Imani, tamko la imani ya Wakristo, kwa usiku mmoja, na Amri Kumi kabla ya chai. Akizisoma bila ya kukosea, umejua ana hifadhi nzuri, basi. Na aliyezikosea si ushahidi wa kinyume. Vivyo hivyo habari za majengo. Kwamba Kanisa la Anglikana la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa ni jambo analolijua kila mtembeza watalii wa Mji Mkongwe. Muulize mwombaji badala yake alikaa upande gani, nani alimsalimu alipoingia mara ya kwanza, na alifanya nini wengine walipoinuka kwenda kupokea Ekaristi naye hajabatizwa.

Ujuzi unaofaa kupimwa ni ule unaofungamana na maisha yake. Akisema alikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili, ajue alichofundisha. Akisema maneno fulani ya Biblia yalimgeuza, ajue yanasemaje, si lazima sura na mstari.

Hatua ya 5: Chunga maneno yanapovuka kwenda lugha nyingine

Hapa ndipo kesi nyingi za Waswahili huvunjika bila ya mtu kusema uongo. Mkalimani asome sehemu hii zaidi ya mara moja.

*Chuo.* Mzee wa Pemba akisema "nimesoma chuo" anakusudia chuo cha Kurani. Mkalimani wa kutoka kwengine huandika chuo kikuu. Baadaye mwombaji anasema skuli aliishia darasa la saba, na tayari ana "maelezo yanayopingana".

*Shahada, shahidi, ushuhuda.* Mzizi ni mmoja, maana ni mbali. "Nilitoa shahada" ni kusilimu. "Nina shahada" ni elimu. "Nilitoa ushuhuda" kwa Mlokole ni kusimama mbele ya waumini na kueleza Mungu alivyomtendea. Kwa hakimu ni kutoa ushahidi mahakamani.

*Kuokoka.* Ni neno la imani. Likifasiriwa neno kwa neno, afisa atadhani mtu aliopolewa baharini.

*Kusali.* Visiwani Muislamu na Mkristo wote "wanasali". Mwombaji akisema "nilikuwa nasali kila siku", mkalimani aombe ruhusa ya kuuliza: sala gani, wapi?

*Kuritadi.* Neno hili limebeba hukumu. Mwombaji akisema "nimebadili dini", mkalimani asiseme "ameritadi". Lakini mwombaji akinukuu vitisho, "ami yangu aliniita murtadi, akasema damu yangu halali", basi lifasiriwe kwa uzito wake wote, bila ya kulainishwa.

*Baba na ndugu.* Baba mdogo naye ni baba. Mtoto wa ami ni ndugu. Afisa ataandika kwanza "baba yake alimpiga", kisha "baba yake alifariki 2009". Kila anapotajwa baba au ndugu, uliza: wa kuzaliwa, au yupi?

*Saa.* Saa tatu usiku yetu ni ya tisa kwa hesabu ya wenzetu. Wakalimani wote wanajua, na bado wanakosea wanapochoka. Andika zote mbili.

*Usiku wa Ijumaa.* Kwa wengi wetu ni Alhamisi baada ya magharibi. Tarehe itatofautiana kwa siku moja na ile iliyomo katika ripoti ya polisi au ya hospitali.

*Mfunguo.* Huu ndio mtego mbaya kuliko yote. Mwombaji anasema "ilikuwa mfunguo tatu, 2019". Mkalimani asiyeijua kalenda yetu anaandika Machi 2019. Mfunguo Tatu, yaani mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, ni mwezi wa Haji, na mwaka ule ulianguka Agosti. Miezi mitano imepotea, na mtu ataonekana alitishwa kabla ya kubatizwa. Mwezi wowote wa mfunguo utajwe kama ulivyo, kisha utafutwe katika kalenda ya mwaka husika, kwa kuwa mwaka wa Hijria hupungua siku 11 hivi kwa ule wa kawaida.

Kuna na lisilotamkwa. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu. Kucheka kidogo wakati wa kueleza aibu ni aibu yenyewe. Mtu aliyebatizwa miaka mitano iliyopita bado atasema inshallah, na bado atavaa buibui au kofia aliyokulia nayo. Hayo ni malezi. Afisa asiyeyajua anaweza kuyaandika kama dalili za uongo, na ni haki ya wakili kuleta maelezo ya maandishi ya mtu anayeyajua.

Hatua ya 6: Pima hati na mashahidi

Cheti cha ubatizo kinathibitisha kwamba ubatizo ulifanyika, hakithibitishi zaidi ya hapo. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikubali mwaka 2020 kwamba mahakama haiwezi kutangua ubatizo ambao kanisa limeutambua, lakini inaweza kupima yenyewe kama imani hiyo ni sehemu ya utu wa mwombaji.

Linganisha cheti na taratibu za kanisa lenyewe. Mkatoliki mtu mzima kwa kawaida hupita ukatekumeni, yaani mafunzo ya kabla ya ubatizo, wa karibu mwaka mmoja na hubatizwa Mkesha wa Pasaka. Cheti cha parokia chenye tarehe ya Novemba, baada ya wiki tatu za mafunzo, si lazima kiwe bandia, ila kinahitaji maelezo. Makanisa mengi ya Kipentekoste hubatiza kwa maji mengi na yanaweza kubatiza haraka, hivyo wiki tatu huko si ajabu. Aliyesilimu huenda asiwe na karatasi yoyote, kwani kutamka shahada hakuhitaji hati. Usimtie shaka kwa hilo.

Barua ya mchungaji, padri au imamu hupimwa kwa alichokiona. "Namfahamu ndugu huyu kuwa ni Mkristo mwema" haina kazi. Inayofaa husema hivi: "Nilimwona mara ya kwanza Februari 2022. Amehudhuria mafunzo kila Jumatano kwa miezi minne, akikosa mara mbili. Tulizungumza kwa Kiswahili, bila ya mkalimani. Aliuliza mara nyingi kuhusu msamaha, kwa sababu ya ugomvi wake na kaka yake. Najua ombi lake la kwanza lilikataliwa." Aeleze pia kama amewahi kumkatalia mtu ubatizo na kwa nini. Kiongozi anayembatiza kila ajaye ushahidi wake ni mwepesi, hata awe mkweli.

Barua kutoka nyumbani ni kisa kingine. Usimshauri mwombaji aombe hati ya kiapo kwa jamaa anayeishi na wale wale wanaomtisha. Na usikubali kuandika mwenyewe maneno kisha jamaa akaweka saini tu. Hati tatu kutoka Pemba zenye sentensi moja, na kosa moja la tahajia, zimemaliza kesi kabla haijasikilizwa.

Hatua ya 7: Tazama alibadili lini

Kubadili dini baada ya kufika ugenini, na hasa baada ya ombi la kwanza kukataliwa, huchunguzwa kwa ukali zaidi. Ni sawa kuchunguza. Si sawa kukataa kwa sababu hiyo peke yake: watu wengi hubadilika pale tu wanapofika mahali wasipoogopa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema Februari 2024, katika kesi ya Muirani aliyekuwa Austria, kwamba nchi haiwezi kuweka sharti kwamba imani mpya lazima iwe mwendelezo wa ile aliyokuwa nayo kwao. Na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya F.G. dhidi ya Sweden mwaka 2016, ilisema mamlaka zikishajua kwamba mtu amebadili dini ni wajibu wao kupima hatari, hata kama mwenyewe hakutaka kulitegemea jambo hilo.

Kwa hiyo andika mfululizo wa tarehe katika ukurasa mmoja: kuondoka, kufika, ombi, mara ya kwanza kanisani au msikitini, ubatizo au shahada, kukataliwa, jamaa walipojua. Mapengo yataonekana yenyewe, na kila pengo muulize mwombaji.

Hatua ya 8: Kusoma maelezo kabla ya saini

Tofauti ikipatikana, mwombaji aonyeshwe na apewe nafasi ya kujibu kabla haijaandikwa dhidi yake. Pima kwanza kama inagusa kiini. Kusahau siku ya ubatizo ni dogo. Kusahau nani alimpeleka ni kubwa. Pale alipojitahidi kweli kuleta alichonacho na maelezo yake kwa jumla yanashikamana, miongozo ya UNHCR inataka shaka iliyobaki imnufaishe yeye.

Kisha maelezo yote yasomwe kwa Kiswahili, taratibu, aya kwa aya, na si kwa muhtasari. Mkalimani awe na kalamu nyekundu, na asimame penye kila saa, kila mwezi, kila "baba" na kila neno la ibada. Mwombaji akisema "sivyo nilivyosema", sahihisho liandikwe pembeni, liwekwe saini na tarehe, na la zamani lisifutwe. Abaki na nakala yake, aiweke mahali ambapo anaokaa nao nyumba moja hawataifungua.